Seli shina au eksosomu? Kabla hujapeleka milioni zako Masaki, uliza kwanza mzigo umesafirije

Mzee wa Barafu (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni.

Huu uzi chanzo chake ni dada yangu mkubwa. Binti yake ana sendoff mwezi ujao, na Dada ameshaamua kwamba siku hiyo uso wake lazima urudi mwaka 1998. Kapita kliniki moja ya urembo pande za Masaki, karudi na karatasi ya bei yenye maandishi ya dhahabu. Ina ngazi tatu. Ya chini ni plazima, yaani majimaji ya damu yako mwenyewe, ile PRP, laki tano kwa mara moja. Ya kati ni seli shina, milioni moja na laki nane. Ya juu kabisa eksosomu, milioni mbili na nusu, na pembeni wameandika "kizazi kipya". Akanirushia picha WhatsApp na swali moja tu: "Mdogo wangu, wewe unashinda na mambo ya dawa, nichukue ipi kati ya hizi mbili za juu?"

Mimi siyo daktari. Kazi yangu ni mizigo ya baridi pale uwanja wa ndege. Chanjo, sampuli za maabara, dawa za kukaa nyuzi 2 mpaka 8, na mara chache sana vile vitu vinavyokuja ndani ya naitrojeni. Miaka 11 nafungua maboksi na kusoma kile kidude kinachorekodi joto kabla sijasaini. Kwa hiyo Dada alipouliza, akili yangu ilikimbilia kwenye baridi, na huko ndiko nilikoanzia kuchimba. Wiki mbili nasoma usiku mpaka mke wangu akaanza kushuku simu. Nawaletea nilichookota, wajuzi mtanisahihisha.

Tuanze na seli shina. Ni seli hai inayoweza kujizalisha na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Zinazotajwa kwenye urembo ni zile za kwenye uloto (ule ute wa ndani ya mfupa), kwenye kitovu cha mtoto mchanga, na kwenye mafuta ya mwili. Hayo mafuta ndiyo yaliyowasha moto. Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake wa Los Angeles walionyesha kuwa mafuta yanayonyonywa tumboni na kumwagwa kama taka yana seli za aina hiyo ndani yake. Ghafla kila daktari wa upasuaji wa urembo akajiona anamwaga dhahabu chooni.

Mawazo ya mwanzo yalikuwa mepesi: chomeka seli usoni, itageuka ngozi mpya, uzee kwisha. Haikuwa hivyo. Nyingi zinakufa ndani ya siku au wiki chache, na zile zinazowekwa kwenye mshipa nyingi zinakwama mapafuni. Lakini kwenye baadhi ya majaribio bado kulikuwa na nafuu. Sasa nafuu inatoka wapi kama seli zenyewe zimekufa? Jibu lililopata nguvu ni kwamba kabla hazijafa zinatema vitu vinavyowaamrisha majirani zao kufanya kazi. Arnold Caplan, Mmarekani aliyezipa seli hizi jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, ilipofika 2017 aliandika mwenyewe kwamba jina libadilishwe, maana linawadanganya watu. Yaani baba mzazi anaomba mtoto abatizwe upya.

Katika hivyo vinavyotemwa ndipo ilipo eksosomu. Ni kifuko kidogo mno, nanomita 30 mpaka 150. Seli moja nyekundu ya damu yako ina upana wa nanomita kama 7,000, pigeni hesabu. Vilionekana mwaka 1983 na maabara mbili, moja Montreal na nyingine St. Louis, kwenye seli nyekundu changa za damu zinazokomaa. Rose Johnstone wa Montreal akavipa jina mwaka 1987. Kwa miaka mingi watu walivichukulia kama mifuko ya taka, seli inatupa isichokitaka. Mwaka 2007 timu ya Gothenburg, Sweden, ikaonyesha kuwa ndani vimebeba RNA, maagizo kabisa, na seli ya jirani ikiyapokea inayafanyia kazi.

Kwa lugha yetu sisi, eksosomu ni vifurushi. Na kama kifurushi chochote cha simu, kina kiasi chake, kikiisha kimeisha. Hakizaliani, hakigeuki kuwa kitu kingine. Seli shina ndiyo kampuni inayotoa vifurushi. Kwa hiyo ile karatasi ya Dada inayoonyesha eksosomu kama ngazi ya juu ya seli shina, mimi naona imechorwa na mtu wa matangazo. Huwezi kusema kifurushi ni toleo jipya la mnara.

Sasa nakuja kwenye fani yangu. Seli hai zilizogandishwa zinasafiri chini ya nyuzi hasi 130, kwenye mvuke wa naitrojeni. Zinakuja kwenye mtungi maalumu mnene, mzito, una kirekodi joto chake na makaratasi kama ya kuoza mwali. Ukifungua mfuniko, ukungu mweupe unamwagika kuelekea miguuni, kama moshi wa udi uliokataa kupanda. Mtungi ukilazwa chali na wapakiaji, siku zake za baridi zinapungua, kwa hiyo mizigo hiyo tunaisimamia mguu kwa mguu. Zikifika, zinayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, na kuanzia hapo mnahesabu saa. Siyo siku, saa.

Nikamwambia Dada arudi kliniki aulize seli shina zao zinakaa wapi. Yule binti wa mapokezi, kwa ukarimu wote, akamfungulia. Dada akapiga picha. Friji ndogo ya mlango wa kioo, ile ya kuwekea soda. Ndani kuna maji ya Kilimanjaro mawili, kontena la chakula la mtu, na boksi la vichupa.

Wakuu, kama kulikuwa na seli hai humo, zilishazikwa zamani na arobaini imepita. Mnaonaje?

Mchumi wa Tandale

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu tiririka. Hilo kontena la chakula lilikuwa na nini lakini?

Mzee wa Barafu

Mkuu Mchumi, ulikuwa wali maharage. Umeonekana vizuri kuliko vichupa.

Binti Sinza

Mimi nilichomwa hiyo ya seli shina mwaka jana, siyo huko Masaki, sehemu nyingine. Walinipitisha vijisindano uso mzima kwanza halafu wakapaka maji ya kichupa. Siku tatu nilikuwa mwekundu, yaani mweusi wa kuwiva, halafu kweli uso uling'aa wiki kama mbili. Mume wangu mwenyewe aliuliza nimepaka nini. Baadaye ukarudi ulivyokuwa. Sasa niseme nimepigwa au sijapigwa?

Dokta Ngozi

Naomba niingie, mimi ni daktari wa ngozi, nilisomea Moshi pale kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, sasa nipo Dar.

Mzee wa Barafu, uzi wako mzuri lakini kipimo chako cha baridi kinakamata mwizi wa aina moja tu. Kwa seli hai uko sawa, na eksosomu za maji nazo zinatakiwa friza ya hasi 80. Ila siku hizi nyingi zinakaushwa kwa kugandishwa zinabaki unga, zinakuja na kichupa cha pili cha maji ya kuchanganyia, na hizo mtengenezaji anaweza kuruhusu zikae kwenye joto la kawaida au friji ya kawaida. Kwa hiyo kichupa cha eksosomu kwenye friji ya soda siyo lazima kiwe kimekufa. Kwanza eksosomu haina uhai wa kufa. Inaharibika tu.

La pili, kuna seli shina zisizosafiri kabisa. Daktari anakunyonya mafuta tumboni asubuhi, anayachakata chumba cha pili, anakurudishia usoni kabla ya adhuhuri. Madaktari wa Ubelgiji waliandika mwaka 2013 namna ya kuyasaga mafuta hayo mpaka yapite kwenye sindano nyembamba sana. Hapo hakuna mtungi wala uwanja wa ndege. Maswali ni mengine: chumba ni safi kiasi gani, anayenyonya ana leseni ya upasuaji, na je, ameweka kimeng'enya cha kuyeyusha mafuta ili atenge seli? Marekani hilo la mwisho limefika mahakamani. Mamlaka yao ya dawa, FDA, inasema ukishatenga seli kwa kimeng'enya umeshatengeneza dawa, na dawa inataka kibali. Kliniki moja ya Florida ikashindwa rufaa mwaka 2021, na kesi kama hiyo ya California ikageuzwa kwenye rufaa Septemba 2024, mamlaka ikashinda tena.

Binti Sinza, pole kwa wekundu. Kuhusu swali lako: vijisindano peke yake, bila kichupa chochote, vinaleta uvimbe mdogo unaofanya ngozi ijae na ing'ae kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kichupa chochote ukikipaka juu yake kitaonekana kimefanya kazi. Hata ungepaka maji ya dafu. (Usipake maji ya dafu.)

Binti Sinza

Dokta jamani. Kwa hiyo milioni na nusu yangu nililipia kuchomwa sindano tu.

Mzee wa Barafu

Dokta nashukuru, nimekubali kosa, sikujua hizo za unga. Hebu tusaidie, ushahidi wenyewe ukoje? Maana kwenye mitandao kila upande una picha za kabla na baada.

Dokta Ngozi

Nitataja mawili ninayoyaheshimu, moja kila upande.

Kwa seli shina, Wadenmark walichapisha mwaka 2013 jaribio zuri kwenye jarida la Lancet. Waliweka mafuta ya mtu chini ya ngozi ya mkono, upande mmoja mafuta matupu, upande wa pili yameongezewa seli shina za mtu huyohuyo zilizooteshwa maabara. Baada ya miezi minne, yale matupu yalibaki asilimia 16.3, yaliyoongezewa asilimia 80.9. Tofauti kubwa. Lakini washiriki walikuwa 10 tu, na seli zilioteshwa kwa wiki mbili kwenye maabara yenye viwango vya dawa. Hiyo siyo kazi ya chumba cha nyuma cha saluni.

Kwa eksosomu, Wakorea mwaka 2020 walichukua watu 25 wenye makovu ya chunusi. Uso wote ulipigwa leza, halafu nusu moja wakapaka jeli yenye eksosomu, nusu nyingine jeli tupu. Baada ya wiki 12, makovu upande wa eksosomu yalipungua asilimia 32.5, upande wa pili 19.9. Hapa naomba msome polepole: upande usio na eksosomu nao ulipona karibu asilimia 20, hiyo ni leza. Eksosomu iliongeza kama 13 juu yake. Ilipakwa, haikuchomwa ndani. Na wote walikuwa Wakorea.

Hili la mwisho kwetu siyo dogo. Ngozi nyeusi ukiiumiza inajibu kwa weusi. Kila sindano, kila leza, inaweza kuacha doa linalokaa miezi. Na wenye asili ya makovu ya kuvimba, wale ambao kutoga sikio tu kunaota nundu, wao ni hadithi nyingine kabisa. Kliniki ngapi hapa mjini zinakuuliza kwanza kama una kovu la namna hiyo?

Kigamboni Kwetu

Mimi nina nundu ya sikio tangu nitogwe darasa la tano. Nilienda sehemu kuulizia uso, hakuna aliyeangalia sikio. Waliangalia mkoba.

Mjasiriamali2

Naona mnachafua biashara za watu. Nina wateja wengi wameridhika na hawajapata shida yoyote. Bidhaa zetu ni za Korea, orijino, zina hadi cheti. Eksosomu ni salama kwa asilimia 100 kwa sababu siyo seli, haiwezi kuleta saratani. Wivu wa kike kwa wanaume. Anayetaka mabadiliko ya kweli aje inbox.

Mzee wa Barafu

Mkuu Mjasiriamali2, hakuna anayekuchafua. Maswali mawili mepesi na hapahapa hadharani. Hicho cheti ni cha nani, na kichupa kinasajiliwa kama nini? Nauliza kwa sababu hapa kwetu dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Kama kichupa chako kimeingia kama kipodozi, ni cha kupaka. Ukishakivuta kwenye bomba la sindano ukakiingiza chini ya ngozi ya shangazi wa mtu, hicho siyo kipodozi tena. Cheti cha TBS hakivuki ngozi.

Na hata huko Korea, hizo eksosomu zinauzwa kama vipodozi vya kupaka.

Mjasiriamali2

Njoo inbox.

Mchumi wa Tandale

😂😂 Inbox kuna nini ambacho hapa hakionekani?

Dokta Ngozi

Kuhusu "salama asilimia 100" nisipite kimya. Ni kweli eksosomu haiwezi kujizalisha, kwa hiyo ile hofu ya seli kuota mahali isipotakiwa haipo. Hiyo ni faida halali na nawapa. Lakini Desemba 2019 FDA ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za eksosomu zisizo na kibali. Mpaka leo haijaidhinisha hata moja. Umoja wa Ulaya wenyewe hauruhusu kabisa kitu kilichotoka kwa binadamu kuwekwa kwenye kipodozi.

Upande wa seli shina napo pana makaburi yake. Mwaka 2018 Marekani watu 12 waliishia hospitali na bakteria mwilini baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu, ilikuja na uchafu tangu kiwandani. Mwaka 2017 madaktari waliripoti wanawake watatu wa Florida waliochomwa machoni seli za mafuta yao wenyewe, wakaharibikiwa kuona. Na yupo mama mmoja wa California ambaye habari zake zilitoka 2012. Alichomwa seli zake kuzunguka macho, na kabla ya hapo alikuwa amechomwa fila, ile ya kujaza mikunjo, yenye madini ya kalisiamu palepale. Seli zikakutana na kalisiamu zikafanya kile zinachojua. Mama akawa akifungua jicho anasikia mlio wa kugonga. Kuja kufanyiwa upasuaji, kope ina vipande vya mfupa.

Binti Sinza

MFUPA? KWENYE KOPE? Nimeshika kope zangu hapa.

Kigamboni Kwetu

Sasa si afadhali ile ya chini, damu yako mwenyewe? Hiyo haina kiwanda wala Korea.

Dokta Ngozi

Kigamboni, kwa wengi ndiyo yenye hesabu rahisi zaidi, mradi mkono unaoishika ni msafi. New Mexico mwaka 2018 kulikuwa na sehemu ya urembo isiyo na leseni, wanachoma plazima usoni. Wakaguzi walikuta mirija ya damu haina majina, mingine imewekwa kwenye friji moja na chakula. Wateja walipata virusi vya UKIMWI pale. Mwenye sehemu alifungwa.

Mzee wa Barafu, sasa unaona kwa nini lile kontena la wali maharage lilinitisha kuliko hata vichupa.

Mchumi wa Tandale

Nafuta ule utani wangu wa karanga.

Mama Tunu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Naomba kuuliza nje kidogo ya uso. Nywele zangu za mbele zimeondoka kwa rasta na wivingi za miaka, paji limekuwa uwanja. Kuna mtu ameniambia eksosomu ya kichwa, sindano sita. Nijichange?

Dokta Ngozi

Marahaba Mama Tunu… naona wewe ndiye mkubwa, basi shikamoo. Kukatika kwa kuvutwa kuna sehemu mbili. Mwanzoni shina la nywele bado lipo limelala, ukiacha kuvuta na ukapata dawa za kawaida, nyingi zinarudi. Baadaye tundu linaziba, ngozi inakuwa laini inang'aa kama ya kisigino cha mtoto. Hapo hakuna kifurushi kitakachopokelewa, maana hakuna simu. Eksosomu za nywele bado ni majaribio madogo madogo. Kabla ya sindano sita, nenda kwa daktari wa ngozi mmoja akuangalie kwa lenzi akuambie uko sehemu ipi. Itakugharimu sehemu ndogo ya sindano moja. Na fungua hizo rasta leo.

Mama Tunu

Ahsante mwanangu. Nafungua Jumamosi.

Kigamboni Kwetu

Mbona nasikia seli shina zinaponya hadi selimundu, tena hapahapa nchini?

Dokta Ngozi

Hiyo ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma watoto wenye selimundu wamepandikizwa uloto, kazi hiyo ilianza 2023. Muhimbili nao wamepandikiza uloto. Zile ni seli shina za damu, zina miongo ya ushahidi, mtoto anakaa wodi ya kujitenga wiki kadhaa, kuna ndugu aliyepimwa akalingana naye. Mtu wa urembo anachukua jina lilelile, anaazima heshima ya ile wodi, analibandika kwenye seramu. Kuna krimu za "seli shina" mjini zimetokana na tufaha la Uswisi. Sitanii, tufaha la zamani linaloitwa Uttwiler Spätlauber. Seli ya tufaha, iliyosagwa, kwenye uso wa Mzaramo, itamwamrisha nani?

Mzee wa Barafu

Wakuu nimerudi na matokeo. Naomba msamaha kwa kukawia, kulikuwa na mzigo wa chanjo.

Jumamosi nilimsindikiza Dada kliniki. Alikuwa ameshaweka laki nane ya kishika nafasi, hilo alinificha mpaka tuko kwenye gari Selander. Nikamwambia hatugombani na mtu, tunaomba tu kuona boksi la eksosomu kabla ya kuchomwa. Daktari hakuwepo, yupo "mtaalamu". Nikauliza jina la daktari nilitafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Akasema daktari anakuja kwa wito.

Boksi likaletwa. Jeupe, zuri, limefungwa kwa utepe wa karatasi. Vichupa vitano vya unga, vitano vya maji, kama Dokta alivyosema. Mbele herufi kubwa za fedha. Mimi nimezoea kusoma maboksi kwa nyuma, maana mbele ni la mteja na nyuma ni la mkaguzi. Nikaligeuza, nikawasha tochi ya simu. Mstari wa kwanza, kipodozi. Wa pili, kwa kupaka juu ya ngozi tu, usichome. Halafu orodha ya viambato, na cha kwanza chenye neno eksosomu kimetokana na ua. Waridi.

Nikamwonyesha Dada. Alivaa miwani, akasoma mwenyewe mara mbili. Akamgeukia yule binti kwa upole kabisa: "Mwanangu, milioni mbili na nusu kwa waridi? Si ningepanda boti niende Unguja ninunue marashi, nioge nayo mwezi mzima, na nauli ya kurudi ikabaki?"

Yule mtaalamu akasema waridi lina nguvu kuliko binadamu kwa sababu ni asilia. Hapo nikaomba tu risiti ya laki nane.

Wamerudisha laki tano. Laki tatu wamesema ni ya ushauri.

Mchumi wa Tandale

Laki tatu ya ushauri na ushauri wenyewe umeutoa wewe na tochi.

Dokta Ngozi

Dada ana shida gani hasa usoni, kama siyo siri?

Mzee wa Barafu

Ameniruhusu niseme. Madoa mashavuni, yana rangi kama ya bluu na nyeusi. Enzi za usichana alipaka mkorogo miaka mingi, ule wa Kariakoo wa kopo lisilo na jina.

Dokta Ngozi

Basi aje aonwe, siwezi kutibu kupitia simu. Lakini rangi hiyo, na historia hiyo, inanifanya nifikirie madhara ya muda mrefu ya haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua ngozi. Kama ndiyo, rangi imekaa ndani ya ngozi yenyewe. Vijisindano vingeweza kuongeza weusi juu ya weusi, mwezi mmoja kabla ya sendoff. Kwa sasa aache kila krimu asiyojua ndani kuna nini, apake kinga ya jua kila asubuhi, na kofia akienda sokoni. Hayaondoki kwa wiki nne, nisimdanganye.

Mzee wa Barafu

Nimemfikishia. Ameshapanga siku ya kuja. Kuhusu sendoff, amempata mpambaji mmoja wa Sinza, laki moja na nusu, kope za bandia zimo ndani ya bei. Jana usiku amenitumia ujumbe anauliza hiyo gundi ya kope inatunzwa nyuzi ngapi.